Nyumba Isiyotamka "Bado"

Neema alinipigia simu asubuhi nikiwa nimeshika kikombe cha chai, akaniambia, "Shangazi Tatu, baba hayupo tena." Nilikiweka kikombe chini, nikakaa. Tulilia kidogo, yeye huko na mimi huku, kisha akakohoa na kusema jambo ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa kichekesho: "Mama anasema uje na testa yako. Taa za rivasi za pikapu haziwaki, na anasema baba hapandishwi kwenye gari lile mpaka ziwake." Sikuuliza kwa nini. Nadhani duniani tulikuwa watu wanne tu tuliojua kwa nini, na mmoja wetu ndiye huyo aliyekuwa ametangulia. Niliwaambia vijana wangu wa gereji kwamba leo sipo, nikatia testa ya kupimia umeme na msasa kwenye mkoba, nikashika njia ya Chamwino. Njia nzima sikuwa nikiifikiria maiti. Nilikuwa nikifikiria springi.

Watu wananiuliza mara nyingi imekuwaje mwanamke akawa fundi umeme wa magari hapa Dodoma, tena wa kutegemewa, na huwa wanategemea nianze na kuzaliwa kwangu. Kuzaliwa kwangu hakujawahi kuwasha balbu. Mimi naanza na mwaka ule wa ruksa, serikali ilipofungulia biashara, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nimepanga chumba uani nyuma ya stesheni, chumba chenye dirisha dogo linalotazama jiko la mama mwenye nyumba. Ulikuwa mwaka ambao vitu vilivyokuwa vikinunuliwa kwa kunong'ona vilianza kupangwa hadharani. Sabuni ya kuogea ilirudi madukani, nguo za mitumba zikamwagwa chini kwenye maturubai, na maduka ya spea yakachipua kila kona kama uyoga baada ya mvua. Jirani zangu, makarani wawili wa serikali, walibishana kila jioni kuhusu vyama vingi. Mmoja akisema vitaleta vita, mwenzake anasema vitaleta lami, na mama mwenye nyumba anapitisha sufuria katikati yao akisema, "Vilete kwanza mkaa." Mimi nilikuwa nakula ugali wangu nikiwasikiliza ukutani, na nikiri kwamba elimu yangu ya siasa yote niliipata kwenye ukuta ule.

Mwaka huohuo mashirika ya umma yalianza kuuza magari yake chakavu, na watu ambao hawakuwahi kumiliki hata baiskeli wakawa na pikapu. Magari hayo yaliletwa kwenye gereji ya Fundi Shabani, mwalimu wangu, yakiwa na hali ya kusikitisha. Moja mlango wake unafunguliwa kwa bisibisi, jingine ukipiga honi wiper inapangusa. Fundi Shabani alikuwa mtu mnene, mpole, aliyependa njia fupi. Kwake yeye kila tatizo la umeme lilikuwa na dawa moja: toboa dashibodi, weka swichi ya kubonyeza, mteja atajua mwenyewe lini abonyeze. Kulikuwa na magari Dodoma yenye swichi nyingi mbele ya dereva kuliko ndege, zote kazi ya Fundi Shabani. Alinichukua kwa sababu mikono yangu ilikuwa midogo na ilipenya nyuma ya dashibodi, na mimi nilimpenda kwa sababu hakuwahi kunitania kwa kuwa mwanamke. Alinitania kwa kuwa Mnyamwezi, na hilo ni halali.

Mama Neema alifika pale siku moja saa nne asubuhi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, anatembea kwa fimbo na kuuburuta mguu wa kulia, na kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kanga. Nilidhani ni mtoto. Alipokifungua zilikuwa taa mbili za duara, vioo vyeupe, mpya kabisa, bado zina unga wa boksi. Tulisalimiana, nikampa kigoda, akakataa kukaa. "Nataka hizi zifungwe nyuma ya pikapu yetu," alisema. "Ziwake gari likirudi nyuma." Fundi Shabani akazigeuzageuza mkononi, akasema taa nzuri, kazi ndogo, atamwekea swichi kwenye dashibodi. "Ukitaka unawasha, hutaki unazima."

"Nani anawasha?" Mama Neema akauliza.

"Dereva, mama."

"Hapana. Sitaki dereva awashe. Nataka gari liwashe lenyewe. Mimi ninayesimama nyuma nijue gari linawaza nini kabla halijatembea."

Fundi Shabani alicheka, akaniangalia, na mimi nikadakia bila kuitwa, maana tabia hiyo nilizaliwa nayo. Nilisema mama ana haki. Swichi ya kubonyeza dereva ataisahau. Atakwenda na barabara ya Haneti gizani taa nyeupe zinawaka nyuma, na kwa watu wetu wa kutembea kwa miguu taa nyeupe maana yake anakuja, nyekundu maana yake anakwenda. Mtu ataliona gari linaloondoka akadhani linamjia, atakimbilia upande usiofaa. Taa ya rivasi ifungwe kwenye gia au isifungwe kabisa. Nilipomaliza, fundi aliyekuwa akinyoosha mlango wa Land— nisitaje magari ya watu, huyo fundi wa bodi aliyekuwa jirani yetu aliacha kugonga nyundo ili asikie nitakavyojibiwa. Fundi Shabani akaniambia, "Basi kwa kuwa una maneno, nenda ukaifunge wewe. Gari halitembei, liko kwao Chamwino. Beba na betri." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza kutumwa peke yangu, na niseme ukweli, sikuogopa hata kidogo. Nilivyokuwa siku zile, ungenituma nikafunge taa kwenye mwezi ningeuliza tu ngazi iko wapi.

Njiani, ndani ya basi, betri ikiwa miguuni mwetu, Mama Neema alinieleza kwamba mume wake, Baba Neema, alikuwa akisafirisha mbuzi na kondoo kutoka minadani, Haneti, Mpwapwa, kokote, na kwamba ameacha kuendesha tangu yeye mkewe alipoumia. Pikapu imekaa uani muda mrefu hadi kuku wametaga kwenye kiti. Kesho yake asubuhi angekuja mtu kutoka Mpwapwa kuichukua. Walikwishakubaliana na Baba Neema kila kitu. "Kwa hiyo unafunga taa za mnunuzi?" nikamuuliza. Aliangalia nje ya dirisha, kwenye mbuyu na vumbi na mashamba ya uwele yaliyokwisha kuvunwa, akasema, "Nafunga taa za mume wangu. Mnunuzi simjui."

Nyumba yao ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu kwa mstari, na ua mpana uliozungukwa na miiba. Mwisho wa ua palikuwa na zizi, na mbele ya zizi palikuwa na tuta la udongo lililoshindiliwa, la kurudishia gari ili mbuzi wapande bila kubebwa. Pikapu ilisimama katikati, imeegeshwa uso ukitazama nyumba. Baba Neema alikuwa chumba cha mbele, amekaa kwenye kiti cha kamba mbele ya redio, mwanamume mwenye mabega ya dereva wa muda mrefu, lile la kulia limeshuka kidogo. Nilimpa shikamoo, akaitikia. Akauliza mimi mtu wa wapi, nikamjibu kwa kujidai, "Mnyamwezi," nikangoja. Sasa, Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Mgogo akimwona Mnyamwezi lazima amkumbushe kwamba babu zake walipita hapa wamebeba mizigo ya watu vichwani, na Mnyamwezi lazima amjibu kwamba walipita wakawakuta Wagogo wamekaa tu wanangoja ushuru. Hayo ni salamu. Baba Neema aliniangalia, akasema, "Karibu, mwanangu," akageukia redio. Nikasema moyoni, huyu mtu ni mgonjwa.

Tulikula mapema ili nipate muda wa kazi. Chakula kilikuwa ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga, na bakuli la maziwa mgando pembeni kwa heshima ya mgeni. Tulikaa mkekani mimi, Mama Neema na Neema, ambaye wakati ule alikuwa bado yuko shule ya msingi, na Baba Neema kwenye kiti chake. Neema aliuliza kama chai iko tayari, mama yake akamjibu, "Haijachemka." Akauliza kama kuku mwekundu ameshatotoa, akajibiwa, "Hajatotoa." Sikuona kitu. Mama Neema akataka kuniondolea sahani, na mimi, mlenda ule ulikuwa mtamu, nikasema, "Subiri, mama, mimi bado." Pale mkekani kila mkono ulisimama. Baba Neema aliweka tonge lake chini taratibu, akanawa, akainuka na kuingia chumba cha ndani. Redio ikabaki inasema peke yake. Neema alinikazia macho kana kwamba nimetukana mtu.

Mama Neema alinitoa nje hadi kwenye pikapu ndipo akanieleza. Ilikuwa mnadani, jua linazama, vumbi la mifugo limetanda na upepo wa kiangazi unavuma kama kawaida ya huku. Utingo wao alikuwa ameondoka na lori la watu wengine, kwa hiyo Mama Neema ndiye aliyesimama nyuma kumwelekeza mumewe arudishe gari kwenye tuta. Unajua jinsi tunavyoelekeza. Unasema njoo, njoo, nafasi ikiwepo unasema bado, bado, na gari likifika unasema basi. Kwa hiyo alisema bado, akasema bado, kisha akasema basi. Upepo ukachukua nusu ya neno. Baba Neema akasikia bado. Gari likaja, likamkuta kati ya mlango wa nyuma na tuta, na nyonga ikavunjika. Alilala hospitali muda mrefu, na aliporudi na fimbo yake alikuta funguo za gari zimetundikwa msumarini na neno limehama nyumbani. Hakuna aliyelikataza. Baba Neema akilisikia alikuwa anainuka na kuondoka, basi watu wakajifunza. Jaribu wewe kukaa siku moja bila kusema bado. Utaona jinsi Kiswahili kinavyokuwa kirefu. Kila kitu pale hakijaiva, hakijafika, hakijakauka, na mtoto wa shule ya msingi alikuwa anaongea kama hakimu.

Nilivaa suruali yangu chini ya kanga, nikaingia uvunguni. Kazi yenyewe ni rahisi kwa anayeijua, na mimi nilidhani naijua. Nilitoboa mabano mawili chini ya mlango wa nyuma, nikafunga taa, nikakwangua rangi mpaka bati likang'aa ili ethi, ile njia ya umeme kurudi betrini, ishike vizuri, nikavuta waya ndani ya chesisi mbali na bomba la moshi. Shida ilikuwa kwenye giaboksi. Swichi ya rivasi inakaa pale, gia ikiingia inabonyezwa, na watu wa shirika lililokuwa na gari lile waliwahi kuing'oa na kuliziba tundu lake kwa bolti. Swichi kama ile Dodoma nzima haikuwepo, na mnunuzi alikuwa anakuja kesho. Nililala pale chali nikiliangalia bolti, mafuta yananidondokea shavuni, na nikakumbuka kwamba mkobani nilikuwa na swichi ya breki ya pikipiki. Ile ina springi. Ukiivuta inawasha, ukiiachia inazima. Nikaona nikiifunga kwenye sakafu, springi nikaiunganisha na mkono wa gia ule unaovutwa rivasi inapoingia, gari litasema lenyewe linachowaza. Nilijipongeza kwa sauti. Hakuna aliyekuwepo wa kunipongeza.

Uvunguni mwa gari ni mahali pazuri sana pa kusikia mambo ya watu, kwa sababu wanasahau kwamba miguu ile ina masikio upande wa pili. Dirisha la chumba cha ndani lilikuwa mbele ya gari, wazi, na sauti zilinifikia zote. Nilimsikia Baba Neema akisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara nyingi, "Taa za nini sasa? Gari linaondoka." Mama Neema akajibu kwamba kiza kilikuwa kimeingia, vumbi lilikuwepo, hata angeangalia kioo asingeona kitu, na kwamba kama kungekuwa na taa nyuma angemwona amesimama wapi. Mumewe akasema, "Sikuhitaji kuona. Ulisema. Mimi ndiye niliyesikia vibaya." Nilishika spana nisiilize. Kisha Mama Neema akasema, "Nyonga ni yangu, nami nimekwisha kusamehe. Wewe unakaa na nyonga yangu kama mali yako. Nirudishie." Nimekaa na watu wengi katika maisha yangu na nimesikia maneno mengi ya ndoa, ya kanisani na ya kwa kadhi, lakini sijasikia neno zito kuliko lile, na nililisikia nimelala kwenye mavi ya kuku.

Jua lilikuwa limeshaelemea magharibi nilipofunga betri na kujaribu. Mama Neema alisimama nyuma kuangalia, mimi nikawa kwenye usukani, injini imezimwa. Nikaingiza namba moja, kimya. Nikaingiza namba mbili, akapiga kelele, "Zimewaka!" Nikacheka mwenyewe. Gari linalosema linarudi huku linakwenda mbele, hilo ni gari la mwanasiasa. Nikaingia tena uvunguni, nikaipa springi ulegevu kidogo, nikajaribu tena. Namba mbili kimya. Namba nne kimya. Rivasi: "Zimewaka, zote mbili!" Nilitoka pale nimejaa majivuno, nikaanza kukusanya vyombo vyangu. Mama Neema akasema, "Sasa washa injini, urudishe gari kwenye tuta." Nikamwambia mimi ni mtu wa umeme, gari najua kulisogeza gereji hatua chache tu. "Nimekusikia," alisema. "Washa." Na akaenda, akiburuta mguu, akasimama mbele ya tuta, mahali palepale ambapo mtu mwenye akili asingesimama, hasa dereva akiwa mimi.

Niliwasha. Injini iliamka kwa kikohozi na moshi. Nikakanyaga klachi, ambayo baada ya kukaa muda mrefu ilikuwa ngumu na haikatiki vizuri, nikasukuma rivasi, na giaboksi ikatoa sauti ya kusaga ambayo hata mbuzi wa jirani waliigeukia. Nikajaribu tena, ikasaga zaidi. Namwangalia Mama Neema kwenye kioo, anatabasamu. Ndipo nilipoelewa kwamba tangu asubuhi sikuletwa pale kama fundi peke yake. Mlango wa nyumba ulifunguliwa kwa kishindo na Baba Neema akatoka pekupeku, akipiga kelele kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu: "Unaniulia gia! Nani kakufundisha kusaga gia hivyo? Shuka! Shuka hapo!" Nilishuka upesi. Akapanda, akakanyaga klachi, akangoja kidogo kama anayesikiliza mapigo ya mtoto, na gia ikaingia bila sauti. Nyuma taa zikawaka. Mwanga mweupe ukaanguka juu ya kanga ya Mama Neema, na Baba Neema akainua macho kwenye kioo akamwona.

Akatoa gia, taa zikazimika. Akaitia tena, zikawaka. Alifanya hivyo mara kadhaa, kama mtu anayehakikisha kwamba mwenzake yuko pale kila anapofungua macho. Kisha akatoa kichwa dirishani bila kugeuka, akasema, "Siwezi, Mama Neema. Taa naiona. Lakini ukisema nisimame, nitajuaje kwamba umesema nisimame?"

Lazima nieleze hapa kwamba Mama Neema alilelewa na watu ambao mke wa heshima hamtaji mumewe kwa jina. Tangu walipooana alimwita bwana, kisha Baba Neema, na jina la ubatizo la mumewe lilikuwa la kutajwa na mama mzazi, mchungaji na askari wa barabarani. Aliishikilia fimbo yake, akasema kwa sauti iliyofika hadi niliposimama, "Neno lile la kusimama sitalisema tena. Ukifika, nitakuita jina lako."

Baba Neema aligeuka, akamwangalia kwa macho yake, si kwa kioo. Neema alikuwa mlangoni na kikombe, ametoa macho. Hakuna aliyecheka. Mwanamume yule akakaa vizuri, akafuta jasho kwa mkono wa shati, akaachia klachi kidogokidogo.

"Njoo," Mama Neema akasema. "Njoo. Njoo." Gari likaja polepole, mwanga mweupe ukimpanda kutoka kiunoni hadi kifuani. "Bado," akasema, na niliona mabega ya Baba Neema yakiruka kama aliyeguswa na waya wa umeme, lakini gari halikusimama. "Bado. Bado." Neno lile lilizunguka ua mzima, likapita mlangoni kwa Neema, likaingia ndani. Mimi nilikuwa nimeuma kanga yangu. "Bado." Nafasi ilikuwa imebaki ya mtu kukunja mkono. "Meshaki!"

Gari lilisimama hapohapo kama limepigiliwa msumari. Vumbi likatulia. Baba Neema alizima injini, akaweka paji la uso kwenye usukani na kulia kwa sauti, bila haya, na Mama Neema akapitisha fimbo yake ubavuni mwa gari, akafika dirishani, akasimama amemshika sikio kama anavyoshikwa mtoto. Mimi nilijifanya nakagua waya. Waya zilikuwa salama kabisa. Baadaye sana, chai ilipokuwa inamiminwa, Neema alimuuliza baba yake kama anataka sukari zaidi, naye akajibu, bila kufikiri, "Bado, hii inatosha kwanza," na mtoto yule akacheka hadi akamwaga chai. Baba Neema akanigeukia mimi. "Mnyamwezi," alisema. "Babu zako walipita hapa wamebeba meno ya tembo ya watu. Wewe umekuja umebeba betri ya watu. Ninyi mizigo hamtaiacha." Nikamjibu kwamba na wao kungoja hawajaacha. Ndipo nilipojua kazi yangu imekwisha.

Mnunuzi wa Mpwapwa alifika kesho yake akakuta ua mtupu na alama za matairi. Walikutana naye barabarani wakitoka mnadani, mke na mume mbele, wakampakia nyuma wakamrudisha kwao na mbuzi wengine, na nasikia hakukasirika sana. Fundi Shabani alikuja kuikagua ile springi, akaivuta, akaiachia, akaivuta tena, akaondoka. Wiki iliyofuata mteja alipotaka taa za rivasi alimwambia, "Hizo ni za Tatu." Mpaka leo, gereji yangu ikiwa na vijana wangu na mashine ya kusoma makosa ya magari ya kisasa, watu wazima wa Dodoma wakitaka jambo la taa wanasema ni za Tatu. Huwa sibishi.

Nilipofika msibani niliikuta pikapu uani, imeoshwa, imefungwa kitambaa cha zambarau. Taa hazikuwa na ugonjwa mkubwa, zilikuwa zimeota kutu kwenye makalio ya balbu. Nilizipiga msasa, nikaivuta springi kwa kidole, springi ileile, zikawaka. Kwa kuwa mimi ni mtani, nilitimiza wajibu wangu pia. Siku ya mazishi, jeneza lilipopakiwa, nilikwenda nikalala mbele ya gari nimejifunika mkeka, nikasema huyu hatoki hapa mpaka nipewe beberu, kwa sababu alikuwa ananitukania babu zangu. Watu wakacheka katikati ya machozi, kama inavyotakiwa, wakaniahidi beberu nikainuka. Kaburi lilikuwa ng'ambo ya zizi, njia nyembamba, gari lazima liingie kwa kurudi nyuma. Aliyeshika usukani alikuwa mjukuu wake, mtoto wa kwanza wa Neema, dereva wa basi la mkoani, mwenye vioo na ujuzi wake. Alisema hahitaji mtu wa kumwelekeza.

Mama Neema alikuwa tayari ameshainuka kwenye mkeka wa wanawake. Wawili walimshika wamzuie, akawatoa mikono bila ukali. Alitembea na fimbo yake, sasa amepinda sana, mpaka kwenye udongo mpya wa kaburi, akageuka, akasimama. Kijana akaingiza gia. Taa zikawaka, nyeupe, mchana kweupe, na zikamwangukia kwenye kanga nyeusi. Waombolezaji wengi hawakujua wanangoja nini. Mimi na Neema tulishikana mikono.

"Njoo," alisema. Sauti yake ilikuwa imechakaa lakini ilifika. "Njoo, njoo. Bado." Gari likaja na mzigo wake taratibu. "Bado," akasema tena, na tena, na kila alipolisema nilimwona akilisema polepole zaidi, kana kwamba nafasi ingeongezeka kwa kulisema. Lakini nafasi ilikuwa imekwisha. Tuliona sote. Aliinua mkono wake usio na fimbo, akauweka juu ya mlango wa nyuma, kwenye bati, karibu na jeneza.

"Meshaki," alisema, si kwa kelele safari hii.

Gari likasimama. Watu wakaja kushusha jeneza, na taa zikaendelea kuwaka, kwa sababu kijana alikuwa analia ameikanyaga klachi akasahau kutoa gia. Mimi ndiye fundi, ningeweza kumkumbusha. Nilimwacha.